Shikamoo ya Mzee Nikodemo

Mahabusu ya Lushoto haikujengwa kwa ajili ya watu wa pwani. Sakafu ni saruji tupu, dirisha ni nondo bila kioo, na ukungu wa milimani huingia humo asubuhi bila hodi. Mzee Shabani Mwakombo alikuwa amejikunyata kwenye kona, kanzu yake imefunikwa na koti la polisi ambalo Koplo Faraji alikuwa amemwazima kwa huruma, na meno yake yalikuwa yakigongana. Alikuwa na miaka themanini na tatu. Kesho yake, kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, angesomewa shtaka la mauaji.

Inspekta Jenoveva Ngonyani alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe hata muuaji anaamkiwa."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ulimfuata marehemu Nikodemo nyumbani kwake Kwai. Mlikaa barazani, mkazungumza. Mlizungumza nini?"

"Mambo ya wazee."

"Mambo ya Ras Mvinje?"

Mzee alilivuta koti mpaka shingoni.

"Alikuambia atasema nini mahakamani?"

Mzee Shabani aligeuka akautazama ukuta. "Mwanangu, andika unavyotaka kuandika. Mimi sikumuua yule bwana. Zaidi ya hapo huna utakachokipata kwangu."

Jenoveva aliinuka, magoti yakimlia kwa baridi. Hakuwapenda watuhumiwa wanaonyamaza. Mwongo humwaga maneno, na katika maneno yake mtu huokota hiki na kile. Huyu wa kunyamaza humwachia mpelelezi kazi yote, na mpelelezi akikosea ni juu yake mwenyewe.

Kesi yenyewe ilikuwa imeanzia mbali na milima hii. Ras Mvinje ni ulimi wa ardhi uliochomoza baharini, upande wa Tanga, ambao Wajerumani waliupima na kuutenga uwe wa bandari wasiyowahi kuijenga. Wakaondoka. Waingereza wakaja, nao wakaondoka. Watu wakajenga pale, wakazaliana, wakazikana. Sasa serikali ilitaka ardhi ile ile ya bandari iwe kituo cha wanamaji, na ugomvi wote mahakamani ukawa juu ya swali moja: mpaka wa Mjerumani ulipita wapi? Aliye nje ya mpaka ni mwananchi mwenye kwake. Abaki au alipwe. Aliye ndani ni mvamizi, na mvamizi huonyeshwa njia. Jiwe la mpaka lilikuwepo na kila mtu aliliona, lakini mawakili wa serikali walidai kuwa limesogezwa zamani. Kati ya watu walioupima upya mpaka ule baada ya uhuru, mmoja tu alikuwa bado hai: Nikodemo Shemhilu, mpima ardhi mstaafu, mzee wa miaka sabini na tisa aliyerudi kwao Kwai kulima kabichi na mapeasi. Mahakama ikamwita atoe ushahidi. Kabla siku haijafika, akakutwa chini ya ukuta wa shamba lake la ngazi, lililochongwa mteremkoni, kisogo kimepasuka mahali pawili. Mtu anayeanguka hupasuka mahali pamoja.

Mzee Shabani ndiye aliyekuwa kiongozi wa wakazi wa Ras Mvinje. Siku ile ile ya kifo alipanda mlima kwenda kumwona Nikodemo, jambo ambalo hakulikana. Alisema aliondoka adhuhuri kwa bodaboda, lakini dereva wa bodaboda hiyo alikuwa hajaonekana. Na kulikuwa na jirani aliyesikia sauti.

"Afande, jalada liko tayari," alisema Koplo Faraji mlangoni. Alikuwa kijana mnene wa Mombo, mpole, ambaye alikuwa bado hajaizoea baridi ya Lushoto. "Wakili wa serikali amepiga simu mara mbili. Anasema ile shikamoo peke yake inatosha kumpandisha kizimbani."

Ile shikamoo. Jirani, mwanamke aliyeitwa Rahabu, alikuwa ameeleza kwamba jioni ile, akiwa zizini, alimsikia mzee Nikodemo akimwambia mgeni "shikamoo." Hakumwona mgeni kwa sababu ya ukungu. Lakini mzee wa miaka sabini na tisa anamwamkia nani? Anamwamkia aliyemzidi. Na aliyemzidi, aliyekuwa Kwai siku ile, alikuwa Shabani. Hesabu hiyo aliipiga Jenoveva mwenyewe, na alipoipiga aliona raha. Sasa raha ile ilikuwa imemtoka, naye hakujua kwa nini.

"Washa gari," alisema. "Twende tena kwa Rahabu."

"Lakini afande, maelezo yake si tumeyachukua?"

"Umeyachukua wewe. Mimi nataka kuyasikia."

*

Rahabu alikuwa akimkamua ng'ombe wake wa pili walipofika. Alikuwa mtu wa Singida. Yeye na mumewe walichuma chai Kwamkoro miaka mingi kabla ya kuhamia Kwai kufuga. Hakuacha kukamua. Aliwasalimia bila kugeuka, maziwa yakilia kwenye ndoo.

"Nilishasema yote kwa huyu kaka," alisema.

"Najua, dada. Nisaidie kidogo tu. Mgeni alipofika, wewe ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa. Muda wa kukamua wa jioni. Ukungu ulikuwa umefunga, hata ule mti hapo sikuuona."

"Ukasikia nini?"

"Mzee akasema, 'Shikamoo.' Kwa heshima kabisa, siyo kwa utani. Yule akaitikia marahaba. Wakakaa."

"Halafu?"

"Halafu wakaongea. Mwanzo taratibu, baadaye wakapandisha."

"Waligombana juu ya nini?"

Rahabu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kuwa mgeni. "Afande, mimi nitajuaje? Walikuwa wanaongea Kishambaa. Mimi huku najua 'onga mshi' tu, nikishaamkia nimemaliza."

Jenoveva alimtazama Faraji. Faraji aliinamisha macho akatazama buti zake zilizojaa matope.

"Kaka yangu huyu hakuniuliza lugha," Rahabu aliongeza, kama anayemtetea.

"Ni kweli, sikumwuliza," alisema Faraji kwa sauti ndogo.

"Waliongea Kishambaa mwanzo mpaka mwisho?"

"Shikamoo tu ndiyo ya Kiswahili. Mengine yote kilugha."

Mzee Shabani alikuwa Mdigo. Alikuwa amezaliwa Ras Mvinje na kuzeekea Ras Mvinje, na Kishambaa alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Jenoveva alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amemlaza mzee wa watu kwenye saruji kwa swali ambalo hakuna aliyekumbuka kuliuliza.

"Katika kilima hiki," alimwuliza Rahabu, "ni Mshambaa gani aliyemzidi umri mzee Nikodemo?"

Rahabu alifikiri. "Labda mwinjilisti Kristian, kule juu kanisani. Wengine wote wameshazikwa."

*

Mwinjilisti Kristian alikuwa na miaka themanini na sita, na alikuwa hajashuka kitandani tangu miguu ilipopooza. Jambo hilo Jenoveva alilijua mara tu alipoingia chumbani, akaona kitanda, beseni na blanketi tatu. Faraji alishusha pumzi kama mtu aliyepanda kilima bure. Lakini wakiwa wamefika, Jenoveva hakutaka kuondoka bila neno, akavuta kigoda.

"Pole kwa msiba, mzee. Nasikia wewe ndiye mkubwa kuliko wote hapa. Mzee Nikodemo alikuwa anakuja kukuamkia?"

Kicheko cha Kristian kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda kuisha.

"Nikodemo aniamkie mimi? Anianzie wapi? Mimi ndiye niliyekuwa ninamwamkia yeye."

"Lakini wewe umemzidi miaka saba."

"Nimemzidi miaka, yeye amenizidi ukoo. Mama yangu alikuwa dada yake wa kwanza kabisa, wa mke mkubwa. Nikodemo ni wa mwisho, wa mke mdogo. Alipozaliwa mimi nimeshaanza kuchunga mbuzi. Nilimbeba mgongoni mjomba wangu, binti, akanikojolea, na kila asubuhi nilimwamkia."

Jenoveva alisogeza kigoda karibu. Hata kwao Songea walikuwepo wajomba wa kunyonya na mashangazi wa chekechea. Alikuwa analijua jambo hili tangu utoto, ila mjini, ofisini, shikamoo hufuata mvi, naye alikuwa amekaa mjini mno.

"Kwa hiyo aliyeamkiwa na Nikodemo," alisema polepole, "anaweza kuwa hata kijana."

"Kwa nini asiwe? Baba yako akiwa mdogo kuliko wewe bado ni baba yako. Kwetu Shemhilu hilo halina mchezo."

"Nani sasa? Nani mdogo ambaye Nikodemo alikuwa anamwamkia?"

Mwinjilisti alikunja uso. Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Hilo waulize wenye msiba," alisema. "Mimi ni wa upande wa kike."

*

Nikodemo alikuwa amezikwa jana yake, na matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai lililojaa maji, wanawake walikuwa jikoni wakipika makande, na moshi ulikataa kupanda juu ukatambaa chini pamoja na ukungu. Hakuna aliyekuwa akiongea kwa sauti. Jenoveva alimkuta Evelina, binti mkubwa wa marehemu, nyuma ya nyumba akichota maji kwenye pipa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini hivi, macho mekundu kwa moshi na kwa mengine.

"Mwalimu, nina swali moja tu. Katika ukoo wenu, baba yako alikuwa anamwamkia nani?"

Evelina hakushtuka. Alijaza jagi, akaliweka chini.

"Mmeshamkamata mzee wa pwani," alisema. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mzee wa pwani hajui Kishambaa. Kesho anasomewa mauaji, na nikimpeleka, hatatoka. Atafia ndani kabla kesi haijafika popote."

Evelina aliitazama mikono yake. Akaikausha kwa khanga.

"Afande, baba yangu nilimwosha mwenyewe kisogoni. Sina haja ya kuelezwa. Lakini mimi ni mtoto wa kike, na hapa nyumbani kuna matanga. Siwezi kusimama mbele ya ukoo nikamtaja mkubwa wangu kwa polisi. Nikifanya hivyo sina pa kuzikwa."

"Sitaki umtaje kwa ubaya. Jina tu."

"Hata jina." Aliinua beseni na jagi. "Kaa kule barazani, chakula kinatoka. Mgeni wetu hula na sisi."

Jenoveva alikaa pembeni ya Faraji, akiwa na hasira ya kuzuiwa na mtu ambaye hakuweza kumlaumu. Kwenye benchi la mbele walikuwepo wazee watatu wenye fimbo na makoti marefu, wote wamepita sabini, wapwa na binamu za marehemu. Evelina akatokea jikoni na beseni la kunawia. Mahali pengine popote angeanza na hao watatu. Aliwapita wote. Akaenda mpaka mwisho wa benchi la pili, alipokaa mwanamume wa miaka arobaini na tano hivi, jaketi jeusi la ngozi, simu mkononi. Akapiga goti kwenye matope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," aliitikia yule bwana, bila kuinua macho kwenye simu, akanyoosha mikono inawishwe.

Ndipo Evelina akarudi kwa wazee. Na alipomaliza kuwanawisha alimtazama Jenoveva mara moja, moja kwa moja, kisha akaingia jikoni.

"Huyo ni nani?" Jenoveva alinong'ona.

"Alen Shemhilu," alisema Faraji, aliyeandika orodha ya ndugu siku ya mazishi. "Dalali wa viwanja, yuko Tanga mjini. Baba yake huyu na babu yake mzee Nikodemo walikuwa ndugu, baba mmoja. Kwa hiyo..." Faraji alihesabu kwa vidole, na kidole cha mwisho kilibaki hewani. "Mungu wangu. Ni baba mdogo wa mzee Nikodemo."

*

Jenoveva alizungumza na Alen kwenye kibanda cha kuni, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Alen aliketi juu ya gogo akakunja nne. Alikuwa mtu wa maneno, na Jenoveva alifurahi kwa hilo.

"Pole sana kwa msiba, bwana Alen."

"Tumeshapoa, afande. Mnafanya kazi nzuri. Ukoo umeridhika kwamba mtu amepatikana."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Mombo. Nilikuwa nasubiri mzigo kwenye basi la Dar. Simu ya msiba ilinikuta huko huko, usiku, nikapanda na gari la magogo."

"Mzigo gani?"

"Vifaa vya choo. Najenga." Alitabasamu. "Afande, huu msiba umeniumiza mara mbili. Mimi mwenyewe nina viwanja Ras Mvinje, nimenunua kwa wenyeji, kihalali, nje kabisa ya jiwe la Mjerumani. Sisi wote tulikuwa tunamtegemea mzee aje aseme jiwe liko mahali pake, tupumue."

"Na wenyeji nao walikuwa wanamtegemea."

"Wote."

"Hapo ndipo ninapokwama," alisema Jenoveva, akajifanya anakuna shingo. "Huyu Shabani amuue shahidi wake mwenyewe? Anapata nini? Wakili wa serikali ataniuliza hilo na mimi sina jibu. Naona hata kesi yenyewe italegea."

Alen aliliona pengo, na hakuweza kuliacha wazi. Dalali akiona mnunuzi anasita lazima aongeze neno.

"Ana sababu, afande. Sababu kubwa. Mzee alimwambia pale pale barazani kwamba atasema jiwe limesogezwa, na kwamba kijiji chote cha akina Shabani kimo ndani ya mpaka. Mtu amekuja na matumaini yake, anaambiwa hivyo usoni, wewe ungefanyaje? Alichanganyikiwa."

Jenoveva aliacha kujikuna shingo. Nje, mtu alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilisikika wazi.

"Nani alikuambia hayo?"

"Mzee mwenyewe."

"Lini?"

"Kwa... kwa simu. Tuliongea kwa simu."

"Simu ya marehemu ninayo mimi, bwana Alen. Nimeichukua kwa fundi, Lushoto. Ilikuwa huko kwa fundi tangu wiki iliyopita, imefunguliwa, haina hata betri."

Alen aliiweka simu yake mfukoni.

"Shabani hajamwambia mtu yeyote walichozungumza barazani," Jenoveva aliendelea. "Mimi nimemwuliza siku tatu, amekataa. Nikodemo ndiye mwingine aliyejua. Shabani alipoondoka adhuhuri, Nikodemo hakutoka shambani, na jioni alikuwa amekufa. Basi aliyekuambia ni yeye, mdomo kwa sikio, kati ya adhuhuri na jioni. Na wewe ulikuwa Mombo, unasubiri vifaa vya choo."

"Afande, mimi ni mtu mzima katika ukoo huu..."

"Ndiyo. Ndiyo maana alikuamkia."

Neno lile lilimpiga mahali ambapo mengine hayakufika. Alen alisimama, gogo likaviringika nyuma yake. Faraji akasogea mlangoni.

"Mimi ni baba yake!" Sauti yake ilikuwa imepanda, nayo ilijaa uchungu wa kweli. "Nilikuja kwa heshima. Akaniamkia, akanipa kiti, akanipa maziwa. Nikamwambia: mwanangu, nimeweka kila nilicho nacho pale, nenda ukaseme jiwe liko mahali pake, basi. Neno moja. Akasema hapana. Nikamwamuru, kama baba. Akasema hapana! Akasema chini ya jiwe la kweli Mjerumani alifukia mkaa na chupa iliyopinduliwa, alama ya wapimaji, yeye aliiona kwa macho yake walipopima upya. Kwamba aliyehamisha jiwe alihamisha jiwe tu, chupa bado iko pale pale, juu kabisa, nyuma ya makaburi ya kijiji. Atawapeleka majaji wafukue waione. Mtoto anamkatalia baba yake kwa sababu ya chupa!"

"Ukamsukuma."

"Alinipa mgongo. Nikiwa naongea, akanipa mgongo, akaenda kutazama kabichi zake."

"Na pigo la pili?"

Alen alikaa tena, lakini gogo halikuwepo, akajikuta kwenye maganda ya kuni. Alianza kulia, akifuta pua kwa mkono wa jaketi. "Alikuwa anajaribu kuinuka," alisema.

Faraji alimfunga pingu. Walipopita naye mbele ya turubai, wale wazee watatu waliinuka kwa mazoea, kofia mkononi, kama walivyoinuka kila alipopita. Kisha mmoja wao akaiona pingu, na wakabaki wamesimama hivyo, wasijue kama wakae. Evelina alikuwa mlangoni mwa jiko. Alijifunika uso kwa khanga.

*

Njia nzima ya kurudi Lushoto, Alen akiwa nyuma na pingu, Jenoveva alitazama nje tu. Faraji alidhani ni uchovu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika kufukuzwa kazi, akaendesha huku akipiga mluzi, mpaka alipomwona usoni akanyamaza.

Nyuma ya makaburi ya kijiji, alikuwa amesema Alen. Kama chupa ilikuwa nyuma ya makaburi, basi makaburi yalikuwa ndani ya mpaka. Na kijiji kilikuwa kati ya makaburi na bahari. Nyumba zote, visima, msikiti, vyote. Jiwe ambalo watu wa Ras Mvinje walikuwa wakimwonyesha hakimu kwa kidole lilikuwa limewakinga kwa uongo wa mtu aliyekufa zamani, na aliyekuwa tayari kulisema hilo mahakamani alikuwa mmoja tu, naye aliuawa. Sasa wa kulisema alikuwa mwingine, amekaa kiti cha mbele cha gari la polisi.

Mzee Shabani alikuwa bado kwenye kona ile ile. Jenoveva alifungua mlango mwenyewe.

"Mzee, uko huru. Tumemkamata aliyefanya. Naomba unisamehe."

Mzee hakusogea. "Ni nani?"

"Ndugu yake marehemu. Alen, yule dalali."

"Amekiri?"

"Amesema ya kutosha."

"Alimuua kwa sababu gani?"

Jenoveva alitamani swali hilo lisije, lakini lilikuwa limekuja, na mzee alikuwa akimtazama usoni.

"Kwa sababu ile ile ambayo wewe umeinyamazia," alisema.

Mzee Shabani alifumba macho.

"Na mahakamani utaisema?"

"Bila sababu hakuna kesi, mzee. Wakili wake atauliza kwa nini mtu amuue mtoto wake wa ukoo. Nikinyamaza, Alen anatoka, na wewe unarudishwa humu."

"Basi nirudishe."

"Mzee..."

"Nirudishe, mwanangu. Niandike mimi. Andika nilimsukuma, nitatia dole gumba popote unapotaka. Mimi ni wa kufa. Kama si mwaka huu ni ujao. Pale kwetu kuna watoto wamezaliwa mwezi huu."

"Hukumsukuma."

"Mungu anajua kwamba sikumsukuma. Yeye hataniuliza. Mnaouliza ni ninyi."

Jenoveva alimkasirikia mzee, akamkasirikia Nikodemo na ukweli wake, akajikasirikia mwenyewe kwa kwenda kukaa kwenye matanga ya watu mpaka akaonyeshwa jibu kwa beseni la kunawia.

"Siwezi, mzee. Nimeapa."

"Siku tatu nimelala kwenye saruji hii nimefumba mdomo," alisema mzee Shabani, bila ukali, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la kawaida. "Nilitaka neno lile lifie humu pamoja na mimi. Wewe umekwenda kulifukua ili uniokoe. Nani alikutuma?"

Faraji alikuja na mfuko wa mzee, kofia yake na kandambili zake, akaviweka chini taratibu mbele ya miguu yake. Mzee hakuvigusa. Alijifunika vizuri lile koti la polisi akageukia ukuta.

"Afande," Faraji alinong'ona, "nifunge mlango?"

"Usifunge."

Jenoveva alitoka koridoni, akavuta meza ndogo karibu na taa, akaketi. Alichukua karatasi safi, akaandika juu jina lake kamili, cheo na tarehe. Kisha akaanza kuandika maelezo yake, kwa sababu shahidi wa mpaka wa Ras Mvinje sasa alikuwa yeye.